Mkutubi wa Lamu

Vichochoro vya mji mkongwe wa Lamu havipitishi gari, na shehena ya vitabu hufika kwa mgongo wa punda. Katika shule moja mjini humo nilimkuta mkutubi, mama wa makamo, mwenye makabati mawili ya vitabu na kompyuta moja kuukuu.

Intaneti hapo hukatika kila mara. Kwa hiyo alianza na Kiwix, programu ya bure inayowezesha Wikipedia kuhifadhiwa ndani ya kompyuta na kusomwa bila mtandao. Aliipakua ile ya Kiswahili usiku, kwa kifurushi alichokinunua kwa fedha zake mwenyewe (jambo ambalo, kwa maoni yangu, si haki). Makala nyingi alizikuta za mistari michache tu.

Kilichompendeza zaidi ni African Storybook: hadithi fupi za watoto, zenye picha, ambazo leseni yake yaruhusu kunakiliwa na kufasiriwa.

“Sasa twaweza kuwaandikia watoto wetu kwa Kiamu,” aliniambia, akinionesha kurasa alizokwisha kuzifasiri kwa kalamu.

Msichana mmoja alingoja zamu yake asome habari za kupatwa kwa mwezi. Adhana ya alasiri ikaingia kabla hajafika, kompyuta ikazimwa. Akaandika jina la makala kiganjani, asije akalisahau kesho.