Mwani Ndani ya Kidonge

Mgonjwa hasumbuliwi na maradhi peke yake. Shaka nayo humdhoofisha. Katika miaka niliyofanya kazi ya kutoa dawa nimewaona wazee wenye busara zao wakikigeuza-geuza mkononi kidonge laini chenye mafuta ndani, kisha wakaniuliza: "Mwanangu, ganda hili limetoka kwa mnyama gani?" Swali hilo ni la haki. Ganda la namna hiyo kwa kawaida ni jelatini, nayo hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Kwa Muislamu, jibu la "sijui" halimezeki.

Jelatini imependwa kwa tabia yake: ikiwa moto hutiririka, ikipoa hushikana ikawa utando unaovutika bila kuchanika. Kupata kitu kingine cha tabia hiyo si kazi rahisi. Wanga, kama ajuavyo kila mpika uji, huwa mzito, lakini hauwi utando imara kwa upesi. Karajinani, yaani ute unaotolewa katika mwani, huganda upesi, ila utando wake peke yake ni dhaifu. Vikichanganywa, kimoja humkamilisha mwenzake. Nyuzi za karajinani zikipoa hujisokota mbili mbili kama kamba, na wanga huupa utando unene na nguvu. Vidonge vya ganda hilo vimo sokoni leo.

Sasa tuutazame mwani wenyewe. Spinosamu hutoa karajinani ya jeli laini, inayonyumbuka, na ndiyo inayofaa kwa ganda hilo. Wanawake wa Paje na Jambiani, kisiwani Unguja, wameanza kilimo cha mwani tangu 1989. Maji yakipwa hushuka pwani, wakafunga vipande vyake kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vigingi. Kotonii, itoayo jeli ngumu na yenye bei nzuri zaidi, imewafia mno kwa joto la maji ya kina kifupi. Wamebaki na spinosamu, wakiambiwa kuwa ni mwani wa bei ya chini.

Hapo ndipo ninaposita, ndugu msomaji. Kitu kinachoweza kumwondolea mgonjwa shaka kimekuwaje duni mikononi mwa mkulima wake? Sisi tuliosoma huwaeleza wagonjwa dawa imetoka wapi. Naona tunawiwa pia kumweleza mama huyu mwani wake unakwenda wapi, ili siku ya kupatana bei naye awe na la kusema.