Ukienda Kisii na Nyamira, nyimbo utazibeba katika nini?

Msomaji mpendwa, shule zikifungwa Desemba na jamaa wakaanza kufunga virago kwenda Kisii au Nyamira, kila mtu hukumbuka mikate na sukari ya kumpelekea nyanya. Ni wachache wanaokumbuka nyimbo. Hebu Jumapili hii tusafiri pamoja, mimi na wewe, tukiwa na swali moja tu: muziki wa njiani na wa nyumbani tuutie katika chombo gani, na kwa muundo upi?

Barabara kutoka Nairobi hutupitisha Narok, Bomet na Sotik. Ukishaiacha Sotik, vilima huanza kusongamana, majanichai yakitanda upande huu na migomba upande ule. Punde si punde uko Keroka. Mji huu una ajabu yake, kwani umekaa mpakani: sehemu yake imo katika Kaunti ya Nyamira na nyingine katika Kaunti ya Kisii. Waweza kununua ndizi katika kaunti moja na kuimenya ukiwa katika nyingine.

Shuka kidogo stendini usikilize. Zamani muziki wa hapa ulitoka kwenye redio kaseti, na kila duka lilikuwa na rundo la kanda. Siku hizi kijana wa bodaboda amechomeka flashi kwenye kispika chake, matatu ina yake, na muuza viatu naye ameweka kadi ndogo kama ukucha ndani ya redio. Ukitaka nyimbo za Kigusii, ingia kwenye kibanda cha filamu umpe kijana wa tarakilishi kadi yako. Jambo la kwanza atakalouliza ni kama kadi ina nafasi. Swali hilo dogo ndilo chanzo cha mambo yote.

Muundo unaotawala hapa ni MP3. Jina hilo la faili lilichaguliwa mwaka 1995 na wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer huko Ujerumani, na kazi yake ni kuupunguza wimbo ukubwa. Muziki wa CD hutumia biti 1,411,000 hivi kila sekunde. MP3 ya kawaida hutumia 128,000, yaani sehemu moja kati ya kumi na moja. Ndiyo maana wimbo wa dakika 5 unaochukua megabaiti 53 kwenye CD hutosha katika megabaiti 5, na kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo zaidi ya 1,500. Kwa safari ya kutwa nzima, hapo hutaishiwa.

Lakini hicho kilichopunguzwa kimekwenda wapi? Kimetupwa. MP3 hutafuta sauti ambazo sikio halizipambanui vyema kwa kuwa zimefunikwa na nyingine kubwa zaidi, kisha huziacha. Kwa wimbo unaopigwa ndani ya matatu inayonguruma mlimani, hutaona tofauti. Hata hivyo, maji yakimwagika hayazoleki. Ukiichukua faili hiyo baadaye na kuigeuza iwe ya muundo mkubwa, itachukua nafasi zaidi, lakini kilichotupwa hakitarudi.

Tuendelee hadi Kisii mjini, tuteremke mpaka soko la Daraja Mbili. Kati ya ndizi, mboga na mitumba utawaona wauzaji wa vijiredio vyenye tundu la flashi na la kadi, vingine vikiwa na tochi na kipande cha sola. Hapo ndipo utakapojua muundo wa kuchagua. Katika miaka ya 2000, wanafunzi wa mijini walibishana sana juu ya vicheza muziki vya mfukoni. Kulikuwa na iPod, iliyoanza kuuzwa mwaka 2001 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2022, ambayo ilipenda AAC. Kulikuwa na WMA ya kampuni ya Microsoft, na Ogg Vorbis iliyotolewa bure kwa watu wote. AAC husikika vizuri kuliko MP3 katika ukubwa uleule, jambo hilo halina ubishi mkubwa. Lakini muulize muuzaji wa Daraja Mbili akuwekee faili ya Ogg kwenye kijiredio cha nyanya, nawe utaona kimya kikitanda. MP3 inasomwa na karibu kila kitu chenye tundu. Kwa nyimbo za kusikiliza, basi, chagua hiyo, na ikiwezekana uiombe kwa kiwango cha 192 au 320 badala ya 128.

Neno moja kuhusu kadi yenyewe. Zile zinazozidi gigabaiti 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, nao redio nyingi za bei nafuu hazijui kuusoma. Nunua ya 32 au chini yake, iliyopangwa kwa FAT32. Majina ya nyimbo nayo yaanzie na 01, 02 na kuendelea, ili nyanya asilazimike kubonyeza kidude mara arubaini akiutafuta wimbo wa kanisani.

Sasa tupande kuelekea Nyamira, kwenye baridi na majanichai, tufike kwenye boma ambako safari yetu ilikuwa ikielekea tangu mwanzo. Baada ya obokima wa wimbi na chinsaga, sokoro huenda akaingia chumbani na kutoka na sanduku la kaseti. Ndani yake mna mkanda uliorekodiwa kwenye harusi ya miaka mingi iliyopita: mzee anapiga obokano, na watu wanapiga makofi.

Kama hujawahi kuiona obokano, ni kinubi kikubwa chenye nyuzi 8 na bakuli la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Ni ndugu ya nyatiti ya Waluo, ila yenyewe ni kubwa na sauti yake ni nzito zaidi, nayo huvuma kama mzinga uliojaa nyuki. Uvumi huo ndio utamu wake. Na uvumi huo, pamoja na makofi makavu ya wachezaji, ndio unaoharibika upesi faili ikibanwa kupita kiasi. Makofi huwa kama yanatanguliwa na mchakacho, na nyuzi husikika kana kwamba zinapigwa ndani ya maji.

Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Unyevu huo unaootesha chai ndio unaootesha kuvu kwenye kaseti. Mkanda wa sokoro hautangoji Desemba nyingine kumi. Na mpigaji akiwa ameshafariki, mkanda huo ndio pekee.

Kwa hiyo, msomaji, usiupeleke kibandani ukageuzwe MP3 kisha ukautupa. Tafuta kicheza kaseti kizima, safisha kichwa chake, kisha uvute waya kutoka tundu la visikizi hadi kwenye tarakilishi. Rekodi kwa WAV, ambayo haitupi chochote, au FLAC, ambayo hukunja sauti bila kuacha hata chembe. Mkanda wa dakika 60 utachukua megabaiti 635 kwa WAV. Kwa FLAC mara nyingi hushuka kukaribia nusu. Kwa MP3 ya 128 ni 58 tu. Megabaiti 635 si kitu kwenye kadi ya leo. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti, moja mashambani na nyingine mjini, maana kadi nazo hufa bila kuaga. Kisha kutokana na nakala hiyo kubwa, tengeneza MP3 za kuwagawia binamu wote.

Na kama mpigaji angali hai, mrekodi kwa heshima na kwa idhini yake. Simu nyingi za zamani ziliweka sauti kwa AMR, muundo uliobuniwa kwa ajili ya maneno ya watu, si nyuzi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hubanwa sana. Fungua mipangilio ya kinasa sauti cha simu yako, uchague WAV au ubora wa juu kabisa, na faili uitume kama hati. Usisahau kumwachia mzee chochote mkononi: wanamuziki wengi wa Gusii waliotegemea kuuza kaseti walivunjwa mgongo na nakala za bure.

Jioni itakapofika na mvua ikapiga mabati, mchomekee sokoro kadi kwenye redio, umwache abonyeze mwenyewe. Akiutambua uvumi wa nyuzi zile kabla mwimbaji hajafungua kinywa, utajua ulichagua vyema. Safari njema, na ukiamkia huko asubuhi, wasalimu wazee kwa lugha yao: Bwakire!