Dokta wetu kapangiwa kituo

Najua nimepotea. Wiki iliyopita sikuwa mjini, nilikwenda Manyara kumtembelea rafiki yangu. Nimerudi juzi, miguu bado imevimba kwa kukaa kwenye basi, lakini hili nisipoliandika sitalala.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 2012, wakati wa ule mgomo wa madaktari, tulikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Mwalimu akaandaa mdahalo: daktari ana haki ya kugoma au hana? Mimi nilisema anayo. Mwenzangu, katibu wa UKWATA, msichana wa kuamka saa kumi alfajiri kusali, alisimama akasema udaktari ni wito, na aliyeitwa na Mungu haulizi mshahara. Alipigiwa makofi, mimi nikazomewa. Jioni tukala pamoja maharage yetu, maisha yakaendelea.

Basi bwana, yule katibu akawa daktari kweli. Miaka mitano ya chuo, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, halafu kukaa nyumbani akisubiri ajira. Watu hudhani daktari akimaliza anagombaniwa. Yeye alijitolea hapa na pale kwa nauli tu, huku mama mwenye nyumba akimkumbusha kodi kila mwezi. Kampuni moja ya dawa ikamwita akawe wakala wa mauzo, na gari angepewa. Wiki hiyohiyo jina lake likatoka: kapangiwa kituo, hospitali ya kanisa huko vijijini, ambako mshahara unalipwa na serikali. Si jambo geni. Hospitali za dini zimebeba nchi hii muda mrefu, hata sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku tiba ya biashara iliziacha ziendelee.

Nilimwambia achukue gari. Akacheka. "Shosti, nimeomba kwa Mungu, na hili ndilo jibu." Kanisani kwao wakamwombea, kwaya ikaimba, mama yake akalia. Mimi nililia pia, ila mimi nilikuwa namlilia lile gari.

Miezi minne baadaye akanipigia simu usiku wa manane. Sauti haikuwa yake. "Nimempoteza mama," akasema. Nikadhani mama yake mzazi, nikaanza kupiga kelele. "Hapana, mama wodini."

Alinisimulia vizuri nilipofika, tumekaa kwenye ngazi ya nyumba yake. Mama huyo aliletwa na bodaboda, amejifungulia njiani, damu inatoka haikomi. Walimchoma sindano za kukaza mfuko wa uzazi, wakamkanda tumbo, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Kilichokosekana ni damu. Kwenye friji kulikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Ndugu waliokuja naye walikuwa wawili, mume na wifi. Mume damu yake haikulingana. Wifi alikuwa ananyonyesha. Mume, Mwislamu kutoka upande wa Kondoa, alikaa kwenye benchi nje akisoma dua. Ndani, dokta alikuwa anaomba kwa jina la Yesu huku mikono yake ikifanya kazi. Mama alifariki kabla ya alfajiri. Mtoto alipona.

Sasa sikilizeni kilichomuumiza. Asubuhi kwenye ibada ya wafanyakazi, mzee mmoja alisimama kumfariji, akasema yaliyotokea ni mapenzi ya Mungu, na dokta asijilaumu, kwani wito una misalaba yake. Wote wakaitikia amina. Yeye hakuitikia.

"Nilishindwa," aliniambia. "Friji tupu si mapenzi ya Mungu. Friji tupu ni sisi."

Jamani, huyu ndiye yule aliyeniangusha kwenye mdahalo! Nikamkumbusha. Akanyamaza, kisha akasema tulipokuwa watoto alidhani neno wito linamhusu anayeitwa tu. Sasa ameona wengine wanalitumia kujiondoa wao. Ukiuliza kwa nini zamu ni ya saa 36, unaambiwa ni wito. Ukiuliza posho ya zamu iko wapi, wito. Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na yenyewe haijawahi kumuuliza kama ana wito.

Mimi mwandishi hapo nikapata habari yangu. Nikaanza kuipanga kichwani: daktari kijana akata tamaa, imani yayumba. Kichwa cha habari kizuri sana. Ila kilikuwa cha uongo, maana Ijumaa aliniambia nivae kanga vizuri, tunakwenda msikitini.

Tulisimama nje na muuguzi mkuu, mama wa makamo anayejulikana na kila mtu. Sala ilipoisha imamu akawaomba watu wasubiri. Dokta akawaamkia wazee shikamoo, akaeleza. Damu haikai milele, chupa moja hudumu siku 35 hivi, halafu inamwagwa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni kuwajua watu: kundi lako ni lipi, simu yako ni ipi, unakaa umbali gani na hospitali. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Uwe na miaka 18 na kilo 50. Damu inapimwa kwanza: Ukimwi, homa ya ini, kaswende. Mzee mmoja akauliza kama damu ya Mwislamu itawekwa kwa Mkristo. Dokta akajibu, "Ndiyo baba, na ya kwangu itawekwa kwako." Watu wakacheka. Vijana wakaanza kujipanga.

Jumapili akarudia hayohayo kanisani. Anayo daftari ya kaunta, ile ya kawaida ya dukani, yenye majina 61 kwa makundi. Mume wa yule marehemu yumo, wa nne kwenye orodha. Mpaka naondoka, daftari hiyo ilikuwa imeshaita watu usiku mara tatu, na mara zote tatu mama alitoka hospitali akitembea.

Takwimu za taifa zinatia moyo: utafiti wa 2022 ulionyesha vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Nimekuwa nikiziandika namba hizi bila kufikiri. Sasa najua hata hao 104 kila mmoja ana benchi lake nje, na mtu amekaa.

Usiku wa mwisho nilimuuliza kama bado anaamini ameitwa. Alikuwa na tonge la ugali mkononi. "Naamini. Ila nilidhani nimeitwa peke yangu." Simu ikalia, wodi ya wazazi. Akanawa, akaondoka mbio, ugali ukabaki.

Mimi nilipimwa asubuhi yake. Kilo 52, mara ya kwanza kufurahia mzani. Nenda na wewe kapimwe, hospitali iliyo karibu nawe.

Tuko pamoja.