Baba mdogo hakurogwa

Krismasi yake ya mwisho, baba mdogo alinisindikiza hadi stejini Pap Onditi. Njiani alisimama mara mbili, mkono kifuani. "Ni kiungulia tu," akaniambia. Nikamnunulia tembe dukani, nikapanda matatu kurudi Nairobi nikijiona mtoto mwema.

Februari akaanguka akitoka sokoni, akakata roho kabla gari halijapatikana. Alikuwa na miaka 52. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai kwa jirani waliyekuwa wakigombania mpaka wa shamba. Matangani minong'ono ikawa kelele: katiliwa sumu, la, karogwa! Vijana wakaanza kutaja viberiti.

Wazee wakaamua maiti ipasuliwe Kisumu ili sumu ionekane. Haikuonekana. Daktari alitueleza kwamba mishipa inayoulisha moyo damu ilikuwa imejaa mafuta ndani kwa miaka mingi; mmoja ulibaki na tundu la kupitisha uzi tu. Tabaka la mafuta hayo likipasuka, damu huganda hapo na kuziba njia. Moyo ukikosa oksijeni huweza kuvurugika, ukatetemeka badala ya kusukuma damu. Mtu huzirai mara moja, na asipopata msaada hufa kwa dakika chache.

Jirani akanusurika. Siku ya mazishi aliketi nasi.

Nami nikauliza kuhusu kile kiungulia. "Kilimshika akitembea, kikamwachia akipumzika?" Nikaitikia. Daktari akanyamaza. Dalili ya mvua ni mawingu. Mimi niliyaona, nikayanunulia tembe.

Raila Odinga alipofariki India Oktoba 15, 2025, moyo wake uliposimama akiwa katika matembezi ya asubuhi, swali lilirudi nyumbani kwetu: moyo husimamaje ghafla? Sababu ni nyingi, lakini kwa watu wazima mishipa iliyoziba ndiyo inayoongoza. Shinikizo la damu, kisukari, sigara na kolesteroli huiharibu kimyakimya.

Basi, ndugu msomaji, mzazi akilalamika kifua kinambana anapopanda mlima, usimpeleke dukani. Mpeleke hospitali apimwe moyo, shinikizo na sukari. Mtu akianguka, asiitike wala kupumua vizuri, ita msaada, kisha kandamiza katikati ya kifua chake kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka.

Mimi sikuuliza mapema. Wewe uliza leo.