Kilomita 190 za Usiku

Tuliondoka Morogoro usiku mnene. Baba alikuwa amelazwa kwenye gari la wagonjwa, mpira wa oksijeni puani, mimi na muuguzi tumeketi ubavuni pake. Mbele yetu kulikuwa na kilomita zipatazo 190 hadi Dar es Salaam.

Jioni hiyo, tukiwa mezani, kifua kilimbana Baba. Maumivu yakapanda hadi kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto, jasho likalowesha shati. Jirani akasema ni vidonda vya tumbo, apewe maziwa. Mama akakataa. “Huyu namjua. Jasho hili si la tumbo. Twendeni hospitali.” Bajaji ikaitwa.

Hospitalini, daktari alianza na kipimo cha umeme wa moyo. Mashine ikatoa karatasi yenye mistari, naye akaweka kalamu pale mstari ulipokuwa umeinuka. “Ni mshtuko wa moyo,” akasema. “Damu imeganda na kuziba mshipa unaolisha moyo. Tukichelewa, msuli wa moyo unazidi kufa.” Akampa Baba aspirini aitafune, akaongeza dawa nyingine za kuzuia damu isigande, kisha akaandika rufaa huku akizungumza kwa simu na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Chalinze tulikuta foleni ya malori. Dereva akawasha king’ora, akapenya. Muuguzi hakubandua macho kwenye mashine ya mapigo ya moyo. Tulipovuka Ruvu, Baba alifumbua macho.

“Mwanangu, mama yako amekula?”

“Amekula, Baba. Usiongee sana.”

Muuguzi akamshika mkono. “Mzee wangu, maumivu yakizidi hata kidogo, niambie.”

Kutoka Kibaha barabara ni pana, gari likakimbia mpaka Upanga, ilipo Taasisi ya Moyo. Madaktari walikuwa wanatusubiri. Kabla taasisi hii haijaanza kazi mwaka 2015, wagonjwa wengi wa moyo walipelekwa India. Ugonjwa wa Baba usingesubiri ndege.

Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono, karibu na kiganja, hadi kwenye moyo. Kiputo kikatanua palipoziba, kisha wakaacha hapo stenti, kijineli cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usijifunge tena. Baadaye daktari alinionyesha picha mbili. Katika ya kwanza, mshipa uliishia njiani kana kwamba umekatwa. Katika ya pili, damu ilikuwa imefika hadi ncha za matawi yake. Nililia pale pale.

Baba sasa anatembea kila asubuhi na anameza dawa zake bila kukosa. Yu hai kwa sababu kuanzia Mama mpaka dereva, hakuna aliyesema tungoje kukuche. Kifua kikibana, jasho la baridi likitoka, maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, mkimbizeni mgonjwa hospitali. Kwa wanawake na wenye kisukari, dalili zaweza kuwa kukosa pumzi, kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida. Nao wasiambiwe wakalale. Na kila hospitali ya wilaya iwe na mashine ya kupima umeme wa moyo, pamoja na mtu wa kuisoma usiku. Baba alimpata mtu huyo. Kila mgonjwa anastahili kumpata.