Gari Tulilolijenga kwa Mikono Yetu

Wasomaji wetu watukufu, huenda wengi wenu mtastaajabu kumwona mwalimu wa chuo, mtu ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto alifu na be, akija katika ukurasa huu kuzungumza habari za gari la mbio. Msituharakishie lawama. Tusikilizeni kwanza mpaka mwisho, kisha hukumu ni yenu.

Sisi tulizaliwa Unguja, na elimu yetu ni ya chuo na ya skuli ya msingi, basi. Zaidi ya hiyo hatukupata. Lakini kila alasiri, tukishatoka chuoni, tulikuwa tukienda kukaa kwa ami yetu, aliyekuwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Darajani. Yeye ndiye aliyetufundisha kushika tupa, kunyoosha ringi, na kukaza nati bila ya kuiharibu. Alikuwa na ada moja: baiskeli ikishakwisha kutengenezwa, huinyanyua, akalizungusha gurudumu, akafumba macho na kusikiliza. Tukimwuliza anasikiliza nini, hujibu, "Chombo husema, mwanangu. Fundi ni yule anayesikia."

Mwaka 2001 riziki ilitupeleka Uingereza, tukajaaliwa makazi katika mji wa Coventry. Mchana tulifanya kazi katika bohari ya bidhaa, na jioni tukisomesha watoto Kurani. Coventry ni mji wa mafundi tangu zamani. Hapo ndipo John Kemp Starley alipotoa mwaka 1885 baiskeli aliyoiita Rover, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na umbo lake ndilo lililofuatwa na baiskeli tunazozipanda mpaka leo. Na hapo ndipo kampuni ya Daimler ilipofungua kiwanda chake cha magari katika miaka ya 1890. Basi baiskeli zile za ami yetu nasaba yao ni ya mji ule, nasi tukaja kuishi penye chimbuko lao bila ya kukusudia.

Ama habari ya gari ilianza hivi. Mwaka 2013 tuliingia na mwanetu, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika duka la vitu vikuukuu, akaokota kitabu cha Ron Champion kilichotolewa mwaka 1996, kinachomfundisha mtu wa kawaida kujijengea gari la mbio kwa pauni 250 tu. Tulikinunua ili kumridhisha mtoto. Usiku ule sisi wenyewe ndio tuliokesha nacho.

Gari linaloelezwa humo limefuata umbo la Lotus Seven, lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Ni gari dogo, jepesi, la watu wawili, halina mapambo. Wakati ule serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokamilika, lakini vipande vya gari havikutozwa kodi hiyo. Kwa hiyo watu wengi wakinunua Lotus Seven vipande vipande na kuviunganisha wenyewe majumbani kwao. Mwaka 1973 haki ya kuliunda gari hilo ilipita kwa kampuni ya Caterham, nayo mpaka leo huuza magari ya umbo hilo, yakiwa mazima au yakiwa vipande. Kwa njia hii ilijengeka Uingereza desturi ya makarani, walimu na mafundi wa mabomba kujenga magari katika mabanda yao siku za mapumziko, na hapana anayewacheka.

Sisi tulianza mwaka 2014. Tulinunua Mazda MX-5 kuukuu, iliyoliwa na kutu ubavuni hata haikustahili tena kwenda barabarani, lakini injini yake ilikuwa nzima. Tuliitoa injini, giaboksi, usukani, breki na nyaya, tukaweka kila kitu katika makopo ya biskuti na kuandika majina juu yake. Kisha tulinunua vyuma vya mraba, vyembamba, vya upana wa milimita 25, tukavikata kwa msumeno na kuvichomea mpaka vikawa fremu. Mama wa nyumba yetu alisimama mlangoni siku moja, akatutazama, akasema, "Wenzenu hununua gari wakalipanda. Nyinyi mmenunua gari mkalivunja." Hatukuwa na jawabu.

Zile pauni 250 za kitabu, wasomaji, sisi zilituishia kwenye matairi. Kwa miaka minne tulitumia pauni 3,900. Twataja hesabu hii wazi kwa sababu tunajua mtu mwenye nyumba atauliza. Hatukukopa, wala hatukugusa fedha ya chakula wala ya ada za watoto. Mwezi uliokuwa hauna akiba, tulipiga msasa tu, kwani msasa ni rahisi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Katika kipupwe cha pili, usiku mmoja wa baridi kali, tulikuwa tukichomea kibano cha nyuma, upande wa kushoto. Kibano hicho ni kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kiganja, nacho ndicho kinachoshika mkono wa gurudumu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, na kesho yake tulikuwa na zamu ya alfajiri. Tulipoinua kinyago tuliona kuwa chuma kilichoyeyuka kimekaa juu juu kama uji uliomwagika, hakikuzama ndani. Fundi yeyote anajua maana yake. Tulijua. Tukachukua tupa, tukalainisha, tukapaka rangi, tukazima taa. Mwanetu alikuwa amekaa juu ya tairi, ameshika tochi. Hakusema neno, nasi hatukusema.

Ikapita zaidi ya miaka miwili. Gari likasimama juu ya magurudumu yake, likapakwa rangi ya kijani, injini ikawaka. Zilibaki wiki chache tu kabla ya kulipeleka kwenye mtihani wa serikali. Jioni moja tulikuwa chuoni, na somo la siku ile lilikuwa ni amana na ubaya wa ghushi. Tulilieleza vizuri, au ndivyo tulivyodhani: tukapiga mfano wa muuza maziwa anayetia maji, na wa mfanyabiashara anayeficha tunda bovu chini ya kapu. Watoto walitikisa vichwa. Mwanetu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na saba na akitusaidia kuwasikiliza wadogo, alikuwa amekaa nyuma. Tulipokuwa tukirudi nyumbani kwa miguu, aliuliza kwa upole, akitazama chini, "Baba, kile kibano cha kushoto ulikirudia?"

Wasomaji wetu, tumewahi kuulizwa masuala mengi na watu wenye elimu kuliko sisi. Hapana lililotukata kama lile. Mtoto alikuwa amelibeba zaidi ya miaka miwili. Alingoja kuona kama baba yake ni yule anayesema chuoni au ni yule wa bandani. Tulijibu, "La, hatukukirudia." Akasema, "Haya." Tukaenda kimya mpaka nyumbani.

Usiku ule ule tuliingia bandani sisi wawili. Tulilinyanyua gari kwa jeki, tukalitoa gurudumu, tukafungua vile tulivyokwisha kuvifunga, tukakwangua ile rangi nzuri. Kisha tukampa mwanetu nyundo. Alipiga mara ya kwanza, kibano kikatoa sauti ya kopo tupu. Alipiga mara ya pili, kikang'oka na kuanguka sakafuni. Mapigo mawili ya mtoto! Na sisi tulikuwa tumekusudia kumpandisha juu ya chuma kile. Tulikaa chini, miguu haikuwa na nguvu.

Kazi ile ilituchukua wiki sita, kwani tulikata na kuchomea upya, kisha tukavikagua vibano vyote vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa nyundo na kwa sikio kama alivyotufundisha ami yetu. Mwanetu ndiye aliyekichomea kile cha kushoto, nasi ndio tulioshika tochi.

Tangu mwaka 2009 gari la namna hii, kabla ya kuruhusiwa barabarani, sharti lipite mtihani uitwao IVA. Hutazamwa breki, taa, vioo, mikanda, moshi, kelele, na hata ncha za vyuma vya nje, ambazo zatakiwa ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5 ili zisimkate mtu. Mara ya kwanza tulianguka, kwa kosa letu, kwa sababu ya ncha mbili zilizokuwa kali. Tulizilainisha, tukarudi, tukapita. Tukawaza: ncha ya nje ina mizani yake na mpimaji wake. Chuma kilichofichwa ndani ya rangi, nani angekipima? Angekipima mwenyewe aliyekichomea, na mtoto aliyeshika tochi.

Sasa tuwaelezeni furaha yenyewe. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Septemba, mwaka 2018, baada ya sala ya alfajiri. Tuliondoka sisi wawili, tukaelekea kusini, tukaingia barabara ya kale iitwayo Fosse Way, iliyochorwa na Warumi, nayo imenyooka kama uzi. Gari hili halina paa wala milango. Kukaa ndani yake ni kama kukaa juu ya mkeka, na ukiteremsha mkono nje wakaribia kuigusa lami. Uzito wake ni kilo 610 tu, basi ukikanyaga mafuta kidogo huondoka kama ngalawa iliyoshika upepo. Sheria ya njia kama ile ni maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96. Sisi hatukuzidi 50, na tulihisi tunaruka. Harufu ya majani yaliyokatwa iliingia puani, umande ukatupiga usoni, na kofia yetu ya viua, tuliyoivaa kwa kusahau, ikachukuliwa na upepo ikaenda zake. Tulirudi nyuma kuitafuta tukaikuta imekaa juu ya ua wa shamba, na mwanetu akacheka hata akashika tumbo.

Lakini mwendo sio ulioleta ile furaha, kwani mwendo hata abiria wa basi anao. Furaha ilikuwa katika kusikia. Kila sauti tuliijua jina lake: huu mgongano mdogo ni wa vali, utanyamaza injini ikipata moto, huu mvumo ni wa giaboksi, huku kulialia ni kwa bati la boneti tulilolipinda wenyewe juu ya meza ya jikoni, na mama wa nyumba hajatusamehe. Hapana kitu mle kilichokuwa kigeni kwetu. Halafu tuliiacha Fosse Way tukashika njia za vijijini, na kona zikaanza. Gari likipinda kulia, uzito wote huenda kushoto, huenda kwenye kile kibano. Kona ya kwanza tulishika usukani kwa nguvu na kutega sikio. Kikanyamaza. Kona ya pili kikanyamaza. Kona ya tatu tulijikuta tunatabasamu kama mtoto, na tulipogeuka tulimwona mwenzetu naye ametega sikio upande ule ule.

Hapo ndipo tulipoonja raha tusiyoweza kuinunua, raha ya kutegemea kazi yako na kuiona inakubeba. Na hapo hapo tulijua ya kuwa kama tungeuficha ule ubovu, na hata kama usingetudhuru kamwe, raha hii isingekuwepo. Tungeendesha barabara ile ile, kwa gari lile lile, na kila kona ingekuwa ni shahidi dhidi yetu.

Enyi vijana, hatukuambieni mjenge magari. Jenga kigoda, shona kanzu, fufua baiskeli ya babu yako iliyolala ukumbini. Lakini chochote ukitendacho, kitende mpaka upande usioonekana, maana huko ndiko utakakokalia siku moja, wewe au umpendaye. Na ukiwa na chombo chepesi mkononi, kumbuka kuwa barabara ina watoto wa wenzako. Nanyi wazazi, msidhani kuwa mwana hujifunza pale mnaponyanyua sauti. Hujifunza bandani, usiku, ameshika tochi, wakati nyinyi mmechoka na mnadhani haangalii.

Mwanetu sasa ni mtu mzima na anafanya kazi katika mji mwingine. Kila anapokuja kututembelea, akishatusalimu na kumbusu mama yake mkono, huenda bandani. Kabla hajapanda garini hupiga goti upande wa kushoto nyuma, akakigonga kile kibano kwa spana, akafumba macho na kusikiliza. Yeye hakumdiriki ami yetu. Kisha husimama, akapangusa goti, akasema, "Haya Baba, twende."