Tarehe Tisa, Mwezi wa Nne

Babu akiletewa fomu yoyote, kuijaza ni kazi yangu. Mimi ndiye mjukuu "anayesomea karatasi", kama anavyowaambia majirani zake hapa Terrat, na hakosei sana. Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka. Likizo ile nilikuta fomu ya uhakiki wa wastaafu mezani, imewekewa kikombe cha chai juu yake ili isipeperuke. Kwetu huku kusini mwa jiji la Arusha, kiangazi kikikolea, upepo huingia ndani na vumbi lake lote, na siku nyingine hata Mlima Meru huuoni.

Nilianza na mambo mepesi: jina, namba ya jeshi, cheo wakati wa kustaafu. Kapteni. Halafu ikaja tarehe ya kupandishwa kuwa Luteni. Fomu ilikuja na muhtasari wa utumishi wake, nami nikaanza kunakili kutoka humo: 4/9/1979. Babu akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Hapo acha wazi."

"Kwa nini, babu?"

"Kwa sababu ni uongo. Nimeshausaini mara moja, siku niliyostaafu. Sisaini tena."

Babu alipata cheo hicho tarehe 9 Aprili 1979, kando ya barabara ya kwenda Kampala. Miaka mingi baadaye, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, mtu fulani alikuwa anachapa upya taarifa za watumishi. Tisa ya nne akaiandika nne ya tisa. Ni kosa la sekunde moja, na mimi mwenyewe nimelifanya mara kadhaa.

Ila kati ya tarehe hizo mbili, vita vilikwisha. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa vita mwanzoni mwa Novemba, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mapigano yaliendelea kuelekea kaskazini mwa Uganda mpaka mwanzoni mwa Juni. Kwa tarehe ya kweli, babu aliingia Kampala akiwa Luteni wa siku mbili. Kwa tarehe ya muhtasari, alipigana vita vyote akiwa Luteni Usu, na nyota ya pili akaipata bunduki zikiwa zimeshanyamaza.

Nilichukua simu nikapiga hesabu. Miezi mitano. Nikamwambia kwa upole kwamba haigusi pensheni yake, maana alistaafu akiwa Kapteni, miaka ishirini baada ya vita.

"Nani amekuambia nataka hela?"

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha kuruti. Jeshini tarehe ni sehemu ya cheo. Maluteni wawili wakikutana, mkubwa ni yule aliyetangulia kukipata. Lakini hilo halikuwa linamuuma, kwa sababu wale ambao wangebishana naye wengi wameshazikwa. Kilichomuuma ni kwamba katika miezi ile mitano alisaini karatasi kama Luteni: ruhusa za askari, orodha za vifaa, barua.

"Kama hiyo tarehe ni kweli, basi nilijipa cheo ambacho sikupewa. Vitani. Mbele ya vijana waliokuwa wananitii."

Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. "Siku yangu ikifika mtasoma historia fupi ya marehemu. Mtaitoa wapi? Kwenye hizo karatasi. Nami nitakuwa nimelala pale, siwezi kuinuka kusahihisha."

Babu aliingia jeshini mwaka 1971. Wakati huo Mkuu wa Majeshi alikuwa Mrisho Sarakikya, Mmeru wa huku huku kwetu, aliyesomea uafisa Sandhurst kule Uingereza. Baada ya uasi wa askari wa Tanganyika Rifles Januari 1964, jeshi lile lilivunjwa na JWTZ ikaundwa mwaka huo huo, na yeye, akiwa bado kijana, akapandishwa ghafla na kuwa mkuu wake wa kwanza. Vijana wa huku walimtazama wakaona kumbe inawezekana. Kupanda cheo kwa Sarakikya kumo vitabuni. Tarehe ya kijana aliyetoka chuo cha maafisa Monduli na nyota moja begani, akapewa platuni, hukaa kwenye jalada moja tu, na jalada likikosea hakuna kitabu cha kulisuta.

Alikuwa ameshaandika mara mbili, mwaka 1999 na 2006. Nakala za kaboni alizihifadhi. Mara ya pili alijibiwa kwamba alete ushahidi. Barua yake halisi ya kupandishwa cheo iliharibiwa na mvua za El Niño za mwaka 1998, bati lilipong'oka na sanduku likajaa maji.

Nikamuuliza kama nilivyofundishwa darasani: kuna karatasi gani nyingine iliyoandikwa wakati ule ule, kabla hakujawa na ubishi wowote, inayoonyesha cheo chake?

Alikaa kimya muda mrefu. "Ipo moja," akasema. "Lakini si ya kwetu."

Katika platuni yake kulikuwa na kijana wa Terrat. Babu hamtaji jina, humwita Koplo tu. Aliuawa Mei 1979, kaskazini mwa Uganda. Amelala Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na mashujaa wengine wa vita vile. Hapa kwao hakuna kaburi. Kuna barua tu, ambayo kamanda wake wa platuni alimwandikia mama yake, na kamanda huyo alikuwa babu.

"Miaka yote hii hukuwahi kuwaomba?"

"Niende kwa yule mama nikamwambie nipe barua ya kifo cha mwanao, nataka nyota yangu? Usiende. Nakukataza."

Yule mama alikuwa ameshafariki. Barua alibaki nayo dada yake Koplo, ng'ambo ya korongo, nusu saa kwa mguu. Kesho yake asubuhi nilimwambia babu nakwenda dukani kununua vocha, nikavuka korongo.

Sijivunii hilo. Nilijiambia kwamba namtetea mzee wangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa pia mwanafunzi aliyesikia kuna waraka halisi mahali, na miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Niliinamisha kichwa, yule koko akanigusa utosini. "Takwenya." "Iko." Akanipa chai ya maziwa, akauliza habari za nyumbani, za masomo, za mvua. Nilipotaja barua hakushtuka. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye kutu, na ndani yake, katika mfuko wa nailoni, kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Akanipa.

"Nisomee. Macho yangu yamechoka."

Niliikunjua. Kabla sijajua ninachofanya, macho yalishuka moja kwa moja hadi chini kabisa. Tarehe 26 Mei 1979. Jina la babu. Chini ya jina, kwa mwandiko wake ule ule ulioinamia kulia: Luteni. Moyo ulinipiga kwa furaha.

"Siku hizi mnasoma kuanzia mwisho?" koko akauliza.

Niliona aibu ambayo bado ninayo. Nikarudi juu nikasoma. Ilikuwa barua fupi. Babu aliandika kwamba Koplo alikuwa hatua tatu mbele yake. Kwamba hakuteseka muda mrefu. Kwamba usiku uliotangulia alikuwa anawahadithia wenzake jinsi ng'ombe wa baba yake walivyo wakaidi, na wote walicheka. Kwamba yeye, kamanda wake, ndiye aliyemfumba macho. Koko alisikiliza huku akisugua kidole gumba chake kwenye ukingo wa kopo.

Nilipomaliza akasema, "Haya. Sasa sema ulichokuja kutafuta."

Nikamweleza yote, pamoja na kwamba nilikatazwa kuja. Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo babu yako amepita njia hii miaka arobaini, anasalimia kutoka barabarani bila kuingia, kwa sababu ya hii?" Hakungoja jibu langu. "Sisi tulidhani kuna jambo anatuficha kuhusu kaka. Mama alikufa akidhani hivyo."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya miezi mitano ya babu, nikakuta miaka arobaini ya watu wengine.

Alikubali niipige picha, lakini karatasi yenyewe haitoki. Nilipomweleza kwamba wakili hawezi kuthibitisha nakala bila kuona barua halisi, alisema basi itakwenda naye. Wiki ile ile tulipanda daladala hadi mjini, yeye na kopo lake mapajani. Alikaa mbele ya wakili, akaitoa barua kwa mikono miwili, akaifuata kwa macho hadi kwenye mashine ya fotokopi na kurudi. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Na tarehe ya kaka yangu huko kwenye karatasi zao, iko sawa?" Nikamjibu kwamba sijui. "Basi nawe ujue," akasema.

Babu hakusema nami siku tatu. Siku ya nne aliniita. "Umeingia kwenye boma la watu kwa jina langu, wakati mimi mwenyewe sijawahi kuingia kwa jina langu." Nikaomba radhi. Nikamwambia pia alichosema koko kuhusu mama yake. Aliangalia pembeni, kuelekea mlimani, na safari hii hakunikemea.

Tuliandika barua ya tatu, tukaambatisha nakala iliyothibitishwa. Jibu lilifika miezi saba baadaye. Lilikuwa aya moja: kumbukumbu zimerekebishwa, tarehe ya kupanda cheo isomeke 9 Aprili 1979, marekebisho haya hayabadilishi malipo. Pamoja nalo kulikuwa na nakala ya ukurasa wa jalada lake. Tarehe ya zamani ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja, bado inasomeka. Juu yake tarehe sahihi, na pembeni saini fupi ya aliyerekebisha.

Ndivyo tunavyofundishwa. Kumbukumbu haifutwi. Unaliacha kosa lionekane, unaandika ukweli juu yake, unaweka jina lako. Nilikuwa nimeijibu kanuni hiyo kwenye mtihani nikapata alama zote, lakini sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu anaweza kulihitaji kosa lake libaki. Babu alilitazama kwa muda. "Vizuri hawakulifuta," akasema. "Watu wajue nilikuwa sisemi uongo."

Aliikunja barua, akaiweka kwenye sanduku. Sikumwona tena akiitoa. Kisha akachukua fimbo na kofia.

"Twende."

Kuvuka korongo kulituchukua karibu saa nzima, kwa sababu ya goti lake. Koko alikuwa uani anachambua maharage. Babu alisimama mlangoni pa boma kama mtu anayengoja amri. "Ingia," koko akamwambia kwa Kimaasai, "chai itapoa," ingawa chai ilikuwa bado haijawekwa jikoni.

Hawakuzungumzia cheo. Baada ya chai babu aliomba aione ile barua. Hakuwa ameiona tangu alipoiandika. Koko akasema kwamba mwaka ule barua ilisomwa na mwalimu wa shule, kwa Kiswahili, na mama yao Kiswahili alikisikia kidogo tu. Mengine alikuwa anakisia kwa sauti ya mwalimu.

Babu akavaa miwani. Akaanza kuisoma upya kwa Kimaasai, sentensi moja moja, akisimama kila mahali alipotafuta neno. Alipofika kwa wale ng'ombe wakaidi, koko alicheka, akafuta macho kwa pembe ya kanga. Alisoma mpaka mstari wa mwisho. Jina lake na cheo chake hakuvisoma. Aliikunja karatasi mara nne, akamrudishia.

Mimi nimeanza barua nyingine. Inauliza tarehe ya kifo cha koplo mmoja imeandikwaje kwenye jalada lake, na koko ameniambia nikipata jibu nisimletee kwa simu. Nivuke korongo.